Duka la pembejeo: mwongozo kamili wa kununua kwa kipimo

Duka la pembejeo katika mji mdogo wa wakulima huuza karibu kila kitu ambacho kaya ya shambani huhitaji: mbegu, mbolea, viuatilifu, dawa za mifugo, vifaranga vya oda, majembe, mabati, misumari, senyenge, maturubai na mipira ya maji. Ndugu zetu wa Kenya huliita agroveti. Huku kwetu Mbozi, mkoani Songwe, mvua zikikaribia mwezi Novemba foleni ya duka hilo hufika barabarani, na muuzaji hana nafasi ya kumhoji mteja. Anayefika akisema “nipe dawa ya mahindi” atapewa chupa iliyo karibu na mkono. Anayesema kwamba ana ekari moja na robo, mahindi yana majani sita, viwavijeshi vamizi wameingia kwenye kitovu na bomba lake ni la lita 16, atapewa dawa inayofaa kwa kiasi kinachotosha, hata siku yenye foleni. Mwongozo huu unafuata mfano wa Tanzania, na unaanzia mbali na kaunta kwa sababu hesabu inayookoa fedha hufanyika nyumbani.

Hatua ya kwanza: jua ukubwa halisi wa shamba

Vijijini ekari hupimwa kwa hatua 70 kwa 70, na kipimo hicho ni sahihi ikiwa hatua ya mpimaji inakaribia sentimita 91, kwa kuwa ekari moja ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa mita 63.6 hivi. Watu wengi hawana hatua ndefu kiasi hicho wanapotembea kwenye matuta. Mtu mwenye hatua ya sentimita 75 akihesabu 70 kwa 70 amepima mita 52.5 kila upande, na eneo hilo ni kama asilimia 68 tu ya ekari. Mimi mwenyewe kwa misimu minne nilinunua pembejeo za ekari mbili kwa shamba nililoachiwa na baba, hadi siku tulipolivutia tepu na kukuta ni ekari moja na theluthi. Mbegu iliyozidi niliibana kwenye mistari, na mbolea iliyozidi niliimwaga nikidhani ninalilisha shamba vizuri. Kabla ya msimu, azima tepu au kata kamba ya mita 50 iliyopimwa, zungushia shamba, kisha andika ukubwa huo kwenye daftari utakalokwenda nalo dukani.

Kwenye daftari hilohilo andika ujazo wa bomba lako la kupulizia, idadi na uzito wa mifugo, urefu wa paa unalotaka kuezeka, na jina la kila kitu kilichobaki msimu uliopita pamoja na tarehe yake ya mwisho wa matumizi. Ikiwa mmea au mdudu anakusumbua, chukua jani lenye dalili ukalitie kwenye mfuko wa plastiki unaoona ndani, au piga picha mbili: moja ya karibu na nyingine inayoonyesha mmea mzima.

Hatua ya pili: chagua wakati wa kwenda

Mbegu na mbolea za mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama ya Nyanda za Juu Kusini, hununuliwa kwa utulivu Septemba na Oktoba. Kwa wenye vuli na masika, nenda mwezi mmoja kabla ya kila msimu. Anayesubiri mvua ya kwanza hukuta aina aliyoitaka imekwisha, kisha hushawishiwa kuchukua iliyopo. Chanjo na chakula cha kuku havifuati kanuni hiyo: chanjo hununuliwa siku ya kuchanja, na chakula kisizidi cha mwezi mmoja, kwa kuwa kikikaa hupata ukungu ambao huua vifaranga.

Mbolea ya ruzuku, ambayo Serikali ya Tanzania iliirejesha kuanzia msimu wa 2022/23, haipatikani kwa kufika dukani tu. Mkulima hujiandikisha kwenye ofisi ya kijiji au mtaa wake, akapewa namba ambayo wakala aliyeidhinishwa huitumia kumuuzia. Hakikisha taarifa zako zimehuishwa mapema, hasa ukubwa wa shamba, na kwamba simu uliyojiandikishia bado unayo. Nimeona wazee wakirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu laini ya simu iliyosajiliwa ni ya mtoto aliyehamia Dar es Salaam.

Hatua ya tatu: litazame duka kabla ya kutazama bei

Vyeti huwa ukutani. Kila bidhaa ina taasisi yake ya serikali: mbegu zinasimamiwa na TOSCI, mbolea na TFRA, viuatilifu na TPHPA, na dawa za mifugo na TMDA. Huna haja ya kumhoji mwenye duka kama askari. Inua macho usome jina la duka na mwaka wa leseni. Kisha angalia mbegu zimekaa wapi: zikiwa kwenye jua la dirishani, au zimepangwa rafu moja na dawa za magugu, tafuta duka lingine. Mifuko ya mbolea iwe juu ya mbao, isigusane na sakafu wala ukuta. Friji ya chanjo iwe inafanya kazi, na ikiwa ndani yake kuna soda nyingi kuliko chanjo, ujue mlango hufunguliwa kila dakika.

Mbegu

Mbegu bora huja katika kifungashio kilichofungwa kiwandani chenye jina la aina, namba ya toleo, asilimia ya uotaji, tarehe ya kupimwa na lebo ya mamlaka. Nchini Kenya, pakiti huwa na lebo ya KEPHIS, taasisi ya serikali inayokagua mbegu, ambayo hukwanguliwa, na namba iliyo chini yake hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 1393 ili kujua kama mbegu ni halisi; hakiki ukiwa bado mbele ya muuzaji. Usikubali kupimiwa mbegu kwa kopo kutoka kwenye gunia lililofunguliwa, hata kama ina rangi nyekundu au ya waridi. Rangi hiyo ni alama ya dawa iliyopakwa, nayo mtu yeyote anaweza kuipaka kwenye mahindi ya sokoni.

Chagua kwanza kwa mwinuko na urefu wa mvua zako, jina baadaye. UH 6303, iliyotoka kituo cha utafiti cha Uyole, na H 614 ya Kenya ni mbegu za nyanda za juu zinazokaa shambani muda mrefu, na zikipandwa mahali ambapo mvua hukatika mapema hubaki na mabua makubwa yenye magunzi matupu. Kwa mbegu za SC, yaani za kampuni ya Seed Co, tarakimu ya kwanza inakuambia jambo: SC 403, ambayo wengi huiita Tumbili, hukomaa mapema, ilhali SC 719, maarufu kama Tembo, huchelewa. Kama kipato hakiruhusu chotara, yaani mbegu inayopatikana kwa kuchanganya aina tofauti, kila mwaka, ulizia mbegu za kawaida zilizoboreshwa kama Staha, TMV-1 au Situka, ambazo unaweza kuzichagua shambani na kuzirudia kwa misimu michache. Chotara hairudiwi: mavuno ya pili hushuka na mimea haifanani.

Kwa mahindi ya nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, ekari huchukua mimea 18,000 hivi, na mbegu ya kilo 8 hadi 10 hutosha. Shamba letu la ekari moja na theluthi linahitaji kati ya kilo 11 na 13, yaani mfuko wa kilo 10 na pakiti ya kilo 2. Hapo awali nilikuwa nikibeba kilo 20.

Mbolea

Namba tatu zilizo kwenye mfuko zinaeleza kilichomo kwa kila kilo 100: naitrojeni, fosfeti na potashi, kwa mpangilio huo. DAP ni 18-46-0, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti, ndiyo maana ni mbolea ya kupandia. Urea ina naitrojeni asilimia 46, hivyo mfuko una kilo 23. CAN ina asilimia 26 hivi, mfuko una kilo 13. SA ina asilimia 21, mfuko una kilo 10.5 za naitrojeni pamoja na salfa ambayo Urea haina.

Tumia namba hizo kulinganisha bei. Tuseme Urea inauzwa shilingi 70,000 na CAN shilingi 60,000. Anayeangalia bei ya mfuko ataona CAN ni nafuu kwa shilingi 10,000. Lakini kilo moja ya naitrojeni ndani ya Urea itakuwa imemgharimu shilingi 3,043, na ndani ya CAN shilingi 4,615. CAN ina sababu zake za kununuliwa, kwa kuwa haipotei hewani kwa urahisi kama Urea iliyoachwa juu ya udongo bila kufukiwa, na haiongezi tindikali ya udongo kwa kasi hiyo. Ila inunue kwa sababu hizo, usiinunue kwa kudhani ni rahisi.

Zipo pia mbolea za hapa nchini. Minjingu hutengenezwa kutokana na mwamba wa fosfeti wa mkoani Manyara na hufanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali. FOMI hutengenezwa Dodoma na kampuni yenye asili ya Burundi, ikichanganya samadi na madini. Kwa ekari moja ya mahindi, wengi hutumia mfuko mmoja wa kupandia na mmoja hadi miwili ya kukuzia, lakini kipimo cha udongo kikisema vingine, fuata kipimo cha udongo.

Kabla ya kulipa, tazama mshono wa mdomo wa mfuko. Ukiona safu ya matundu matupu kando ya uzi, mfuko ulifumuliwa ukashonwa upya. Omba upimwe kwenye mizani. Nyumbani, kabla ya kumwaga mfuko wote shambani, tia kijiko kimoja cha Urea kwenye glasi ya maji na ukoroge: Urea halisi huyeyuka yote, na glasi hupoa mkononi kiasi kwamba mtoto ataisikia. Ukikuta chenga chini, au glasi haikupoa kabisa, una sababu ya kurudi dukani. CAN yenyewe haiyeyuki yote kwa kuwa ina chokaa, na chembe zake ukizidondoshea ndimu hutoa povu. Majaribio haya hayachukui nafasi ya maabara, lakini yanatosha kumfanya mtu asimamishe kazi na kuuliza.

Viuatilifu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea na afya huharibika, kwa hiyo usikubali kuharakishwa na walio nyuma yako kwenye foleni.

Anza na kiambata amilifu, yaani dawa yenyewe iliyomo ndani ya chupa, ambayo jina lake huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Chupa tatu zenye majina matatu na bei tatu zinaweza zote kuwa profenofosi ya nguvu ileile. Mkulima aliyepuliza moja bila mafanikio, akarudi kununua ya pili kisha ya tatu, atakuwa amewapulizia kanitangaze, wale wadudu wanaotoboa nyanya zake, dawa moja mara tatu, akiwafundisha kuizoea. Andika kiambata ulichotumia mara ya mwisho, na umwombe muuzaji dawa ya kundi jingine. Kwa ukungu, jua kwamba mankozebu ni kinga: huvikwa jani kabla ugonjwa haujaingia, na baka jani likishaenea haitalirudisha nyuma.

Pili, soma rangi ya utepe kwenye lebo. Nyekundu ni sumu kali kupita zote, ikifuatiwa na njano, bluu, kisha kijani. Kama dawa ya bluu au kijani inafanya kazi hiyohiyo, hakuna sababu ya kubeba nyekundu kwenda nayo kwenye nyumba yenye watoto. Vidonge vya kufukiza ghala, vinavyotoa gesi ya fosfini, visinunuliwe kabisa na mtu anayehifadhi mahindi ndani ya nyumba anayolala; gesi hiyo huua watu usingizini.

Tatu, tafuta siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nyanya zikishaanza kuiva huchumwa kila baada ya siku chache, hivyo dawa inayotaka siku 14 haifai wakati huo, hata iwe nzuri namna gani, labda uwe tayari kuziacha zioze.

Nne ni hesabu ya kiasi. Pima mita 10 kwa 10 shambani, jaza bomba maji matupu, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia yametumika maji kiasi gani. Yakiwa lita 5, ekari moja itachukua kama lita 200. Lebo ikisema mililita 50 kwa lita 20 za maji, maana yake ni mililita 2.5 kwa kila lita. Bomba lako la lita 16 litataka mililita 40, na ekari nzima mililita 500. Nunua chupa ya nusu lita. Kumbuka kwamba maelekezo ya mdomo dukani, “weka vifuniko viwili”, mara nyingi hukusudia bomba la lita 20, wakati vifuniko havilingani na mabomba yanayouzwa huwa ya lita 15, 16 na 20. Pamoja na dawa, nunua kikombe cha kupimia chenye mistari, glavu za mpira na barakoa. Vyote pamoja havizidi bei ya siku moja ya kulazwa.

Usikubali kumiminiwa dawa kwenye chupa ya soda au ya maji. Chupa hiyo haina lebo, haina tarehe, na mtoto anajua kuifungua.

Dawa za mifugo na chanjo

Dozi ya mnyama hutokana na uzito wake. Pasipo mizani, ng'ombe hupimwa kwa tepu: zungusha tepu kifuani nyuma ya miguu ya mbele, pima pia urefu kutoka begani hadi mfupa wa tako, kisha zidisha mzunguko kwa mzunguko, kwa urefu, na ugawanye kwa 10,840. Mzunguko wa sentimita 150 na urefu wa sentimita 120 hutoa kilo 249. Albendazoli ya asilimia 10 hutolewa kwa ng'ombe kama mililita 7.5 kwa kila kilo 100, kwa hiyo huyu atapata mililita 19. Lakini ipo pia chupa ya asilimia 2.5, inayofanana na hiyo kwa umbo na rangi, ambayo kwa ng'ombe huyohuyo itatakiwa kiasi mara nne. Anayebadilisha chupa bila kubadilisha kipimo, ama atakuwa amewachekea minyoo, ama atakuwa amemlewesha mnyama. Mweleze muuzaji pia kama mnyama ana mimba changa, maana dawa hii haimfai, na uulize zipite siku ngapi baada ya dawa ndipo maziwa yake yanywewe.

Antibiotiki kama oksitetrasaiklini isinunuliwe kwa kuelezea dalili juu ya kaunta. Mwite kwanza mtaalamu wa mifugo wa kata aone mnyama, akuandikie, ndipo uende dukani na karatasi.

Kwa kuku wa kienyeji, ununuzi wenye faida kubwa kuliko wote katika duka zima ni kichupa cha chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri. Chanjo ya I-2 hudondoshwa tone moja kwenye jicho la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingine, lakini isafirishe kwenye chupa ya chai yenye barafu, usiiweke mfukoni. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, hivyo changeni majirani mchanje siku moja. Usingoje kuku waanze kusinzia. Chanjo haiponyi aliyekwisha kuugua.

Mabati, zana na vya ghalani

Kwa mabati, geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba: 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Inua bati la geji moja na la nyingine mkononi kabla ya kuagiza, na uhakikishe muhuri wa geji uko kwenye kila bati linalopakiwa, kwa kuwa mabati ya juu yanaweza kuwa 28 na ya chini 30. Jembe ligonge kwa jiwe; linalolia kwa mlio safi halina ufa. Mpini uwe na nyuzi za mti zinazokwenda kwa urefu wake.

Kwa kuhifadhi nafaka dhidi ya dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita Skania, nunua mifuko ya kinga njaa: ndani ina mifuko miwili ya plastiki na nje mmoja wa kawaida, na huwaua wadudu kwa kuwanyima hewa, bila dawa. Puliza hewa ndani ya mifuko ya plastiki ukiwa dukani uone kama inavuja. Mahindi yake lazima yakauke vizuri: tia kiganja cha punje kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa, na ikiwa chumvi imeganda kwenye kioo, anika tena.

Kulipa, kusafirisha na kuweka ushahidi

Dai risiti ya mashine, na uombe jina la aina na namba ya toleo viandikwe, hata kwa kalamu nyuma yake. Kama unachukua kwa mali kauli, kila upande uwe na maandishi yenye bei ya leo na tarehe ya kulipa. Deni la kwenye daftari la muuzaji pekee huwa na tabia ya kunenepa wakati wa mavuno. Kwenye bodaboda au guta, viuatilifu visifungwe pamoja na unga au sukari, na mbegu zisikalie mbolea.

Ukifika nyumbani, usitupe vifungashio. Mwaka ambao mbegu yangu iliota kwa mabaka, duka nililonunulia lilikana kuniuzia, na sikuwa na cha kuonyesha. Tangu hapo, kila pakiti ninayofungua hubaki na punje mia moja ndani yake, hufungwa pamoja na lebo na risiti, na kutundikwa kwenye dari ya ghala hadi mavuno yaingie. Likitokea tatizo, afisa ugani na mkaguzi wa mbegu wanapata kitu cha kupeleka maabara. Chupa za viuatilifu zilizoisha husafishwa kwa maji mara tatu, maji hayo yakirudishwa ndani ya bomba na kupuliziwa shambani, kisha chupa hutobolewa ili mtu asije akachotea mafuta ya taa.